Namna ya Kuzunguka Taita Taveta na Rafiki, na Kurudi Mkiwa Mnaongea

Mwongozo huu si wa mgeni. Mgeni hana taabu: huuliza njia, hubeba maji, hulala mapema na humwamini askari wa langoni. Mwongozo ni wa yule anayeijua Voi. Ameijua tangu utotoni, ndani ya basi la usiku la Mombasa, alipoamshwa saa nane na taa za hoteli, akashuka akanunua chai na mahamri kwa bei ya kuumiza, akapanga foleni ya choo, akarudi kitini kulala. Kwake yeye Taita Taveta nzima ni choo, kituo cha petroli na vumbi jekundu. Siku akipata likizo na rafiki mwenye gari, ndiye husema maneno yaliyowatia wengi mashakani: "Twende tu, huko nakujua."

Haya basi, twendeni.

Rafiki na gari lake

Rafiki wa safari hii huchaguliwa kwa sifa moja tu, gari. Sifa nyingine, kama vile upole, ucheshi na subira, zitakuwa zimekwisha kabla ya Mtito Andei, kwa hiyo usizitie kwenye hesabu. Gari lenyewe huenda likawa Probox. Usicheke. Probox ndizo zinazopanda Mgange na Werugha kila kukicha, abiria wakiwa wengi kuliko viti na kabeji zikiwa juu ya paa. Lakini dereva wa Mgange anaijua kila kona na kila jiwe, na rafiki yako anachojua ni video alizotazama simuni.

Kagua stepni kwa mkono wako. Usiulize. Ukiuliza utaambiwa ipo, na kweli ipo, ila haina upepo. Jeki nayo utaambiwa ipo, na utaikuta chini ya hema, chini ya jiko, chini ya kreti ya soda, na mpini wake umebaki nyumbani ukizuia mlango wa kuku. Petroli ipatanwe mapema: kabla ya Mlolongo kama mnatoka Nairobi, kabla ya Mariakani kama mnatoka Mombasa. Mkishavuka hapo kila mmoja atakuwa na kumbukumbu yake ya nani alisema atalipa nini, na hakuna wazee wa kusuluhisha hadi Voi.

Kuhusu nyimbo, anayeshika usukani ndiye anayechagua. Wewe una haki ya kulalamika mara moja, na ni busara kuiweka akiba.

Barabara kuu

Kutoka Mombasa hadi Voi ni kama kilomita 160. Kutoka Nairobi ni zaidi ya 300. Njia ni moja, ya lami, na malori yanayobeba mizigo ya Uganda, Rwanda na Kongo yote yamo humo pamoja nanyi. Rafiki yako ataamini kwamba lori linaloonyesha taa ya kulia linamwambia apite. Pengine linamwambia hivyo. Pengine dereva wake anataka kuingia kulia. Njia ya kujua ni kungoja, na kungoja ndicho kitu ambacho hakukibeba.

Mkitokea Mombasa mtapita Mackinnon Road, penye msikiti na kaburi la Seyyid Baghali Shah, karibu kabisa na reli ya zamani. Husimuliwa kwamba alikuwa mfanyakazi wa reli kutoka Bara Hindi, na kwamba karai alilobebeshwa lilielea juu ya kichwa chake bila kukigusa. Madereva wa dini zote husimama hapo wakaomba na kutoa sadaka. Simameni nanyi. Sina maoni kuhusu karai. Maoni yangu ni kuhusu malori, na nusu saa ya kunyoosha miguu haijamdhuru mtu.

Voi yenyewe mtaifika mkiwa mmelowa jasho. Mkichukua chumba, fungueni bomba kabla ya kulipa. Hapa pana kejeli ambayo wenyeji hawaichekelei: chemchemi za Mzima, zilizo ndani ya Tsavo Magharibi katika kaunti hii hii, ndizo zinazopeleka maji Mombasa kwa bomba tangu miaka ya 1950. Mvua hunyesha kwenye milima ya Chyulu, huzama kwenye mawe ya volkeno, huchujwa chini kwa chini na kutokea Mzima maji yakiwa safi hata unawaona viboko wakitembea chini ya ziwa. Kisha yanasafiri. Kwa hiyo mtu wa Changamwe anaweza kuoga maji ya Taita Taveta huku wewe, uliye Taita Taveta, ukibishiwa mlango na kuletewa ndoo. Pokea ndoo, sema asante.

Wanyama wa kulipia na wa bure

Zaidi ya asilimia 60 ya eneo la kaunti ni mbuga za Tsavo, zilizotengwa mwaka 1948. Wanadamu wamebanwa kwenye kilichobaki. Tsavo Mashariki peke yake ni kama kilomita za mraba 13,700, na mtu wa kawaida hulipa kuingia humo ili aone ndovu.

Malipo hufanywa kwa eCitizen. Langoni hawapokei noti, hata ukiikunjua vizuri. Lipeni mkiwa mjini penye mtandao, kwa sababu rafiki yako amepanga kulipa akifika, na akifika atakuta nywila ameisahau, na namba inayotumiwa ujumbe wa kuthibitisha ni ya laini aliyoitupa zamani. Mtaingia saa tano jua likiwa utosini, saa ambayo kila mnyama mwenye akili amelala chini ya mti. Mtaendesha hadi bwawa la Aruba, lililojengwa mwaka 1952, mtaona kongoni, korongo na basi la wanafunzi. Rafiki yako atasema mbuga imeisha. Mtatoka kabla ya saa kumi na mbili kama inavyotakiwa, mkiwa mmenuna.

Halafu, barabarani nje ya mbuga, bila tiketi na bila kiongozi, mtakutana na ndovu.

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo watu huumia. Ndovu wa Tsavo hujipaka udongo mwekundu wa huko mpaka wanakuwa rangi ya barabara ya vumbi. Jioni ikiingia, ile rangi haipokei mwanga wa taa. Unachoona ni kipande cha giza kizito kuliko giza la jirani, na mara nyingi unakiona kwa kuchelewa. Reli mpya, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, iliachiwa mapito chini yake ili wanyama wavuke. Wapo wanaoyatumia. Wapo pia wanaoendelea na njia za nyanya zao, na njia hizo zinakatiza lami. Usiku, mwendo uwe wa kuaibisha. Anayewapigia honi nyuma aachwe apite, akawafanyie utafiti huko mbele.

Ndovu akisimama, simameni. Akitandaza masikio na kutikisa kichwa, rudini nyuma taratibu, bila honi, bila kumulika taa, bila kumweleza chochote. Rafiki yako atataka kushusha kioo apige picha yake na ndovu wakiwa pamoja. Hii ndiyo saa ya kutumia ile haki ya kulalamika uliyoiweka akiba.

Nyani watawatisha kidogo na kuwagharimu zaidi. Wanajua zipu ya hema. Nyani mzee hukaa kitako juu ya jiwe, mikono magotini, akiwatazama mkipakua, hana haraka. Mtakapogeuka wote wawili kuangalia kuni, atashuka, ataingia, atatoka na mkate kwapani, na atauchana mfuko wa nailoni kwa meno mbele yenu huku akimtazama mwenye mkate usoni. Msimtupie jiwe. Hesabuni mkate huo kama ada ya kambi.

Mbung'o nao wapo, hasa vichakani, na wanapenda rangi ya buluu na nyeusi. Rafiki yako atakuwa amevaa jinzi mpya.

Usiku motoni atasimulia simba. Hilo halizuiliki, hakuna aliyelala karibu na Tsavo akanyamaza kuhusu simba. Ukweli ni huu: mwaka 1898, reli ilipokuwa ikivuka mto Tsavo, simba dume wawili walikula wafanyakazi kwa miezi, hadi msimamizi wa daraja, John Henry Patterson, alipowaua mmoja baada ya mwingine mwezi Desemba. Patterson alikuja kudai walioliwa ni 135. Watafiti waliochunguza mabaki ya simba hao walikadiria mwaka 2009 kwamba idadi inakaribia 35. Rafiki yako ataanzia 135, na akimaliza chupa ya pili atakuwa amevuka 300. Simba wenyewe wako Chicago, kwenye jumba la makumbusho la Field, lililonunua ngozi zao mwaka 1924. Kwa hiyo hao hawatawasumbua. Walio hai ndio wa kuangaliwa, na madume wengi wa Tsavo hawana shungi la kuonekana. Mkimwona mmoja atakuambia ni jike. Mwache.

Mlimani

Kosa kubwa la anayeijua Voi ni kudhani kaunti hii imelala. Imesimama. Voi iko mita 600 hivi juu ya bahari. Kilele cha Vuria kiko mita 2,208, na kati ya hapo na hapo hapafiki mwendo wa asubuhi moja. Mtapita Mwatate, makao makuu ya kaunti, ambako mkonge umepandwa mistari hadi macho yanachoka, kisha mtaanza kupanda kuelekea Wundanyi. Kona ya kwanza rafiki yako atazima kiyoyozi ili injini ipate nguvu. Kona za katikati ataacha kuongea. Karibu na juu mtafungua madirisha, mtanusa mikaratusi, na kabla hamjamaliza kusifu mtayafunga tena, maana baridi ya Dawida, yaani ya milima hii, haina adabu. Sweta mliliacha nyumbani. Mlikuwa mnakwenda Voi.

Njiani mtaona mawe makubwa yamelala kando ya barabara mahali pasipo na mwamba. Yamewekwa na madereva, ya kuzuia tairi gari linapokata pumzi. Mkiyatumia, yarudisheni kando. Kuyaacha katikati ya kona ni kosa ambalo wenyeji hawasahau, na namba ya gari lenu itatajwa Wundanyi kabla hamjafika. Rejeta ikichemka, msiifungue kifuniko. Kaeni. Atatokea mtu mwenye maji, kwa kawaida mtoto anayetoka shule au mama anayeteremka na mzigo, naye atasimama kuwatazama kwanza. Mwamkieni. "Shikamoo, mama" inatosha. Ukiweza "kwawuka mana" asubuhi, utapata maji na ushauri, na ushauri utakuwa kwamba kushuka ndiko kugumu.

Ni kweli. Kushuka ni gia ya chini toka mwanzo hadi mwisho. Rafiki yako atashuka kwa breki, kwa sababu mafuta ni ghali, na katikati ya mteremko mtaanza kusikia harufu ambayo atasema ni ya shamba la mtu.

Mkiambiwa mkalale kwa kina Mwakio, ombeni maelezo zaidi. Ukiuliza Mwakio kituo cha matatu, watageuka wengi, na aliyegeuka kwanza atakuwa tayari kuwapokea. Kina Mwadime na Mwambi ni hivyo hivyo. Mtakaribishwa kimanga, yaani muhogo au ndizi zilizopondwa pamoja na maharagwe. Kinaonekana kidogo sahanini. Rafiki yako ataomba tena, kisha atahitaji kulala pale pale alipokaa. Mbangara, pombe ya wazee, msiifuate. Ikiwafuata, mmoja wenu abaki na funguo.

Msitu wa Ngangao uko juu huko, kipande kidogo kilichosalia cha misitu iliyofunika vilima hivi. Ndani yake wamo ndege wasiopatikana popote pengine duniani, miongoni mwao kurumbiza wa Taita, mweusi kichwani na mwenye mdomo wa rangi ya chungwa, anayetembea chini kwenye majani makavu kwa aibu. Wazungu husafiri kutoka mbali sana kumwona na wengi hurudi hawajamwona. Rafiki yako atamwona. Atamwona akiwa anakojoa, atakuambia kulikuwa na kuku wa ajabu, na hutamsamehe.

Kuna jambo moja huko ambalo mwongozo huu haulifanyii mzaha. Zamani Wadawida, yaani Wataita wa milima hii, walifukua mafuvu ya wazee wao muda baada ya mazishi na kuyapanga mapangoni, ukoo na pango lake, na huko ndiko walikokwenda kunena nao mvua ikikataa. Baadhi ya mapango yapo mpaka leo na mafuvu yamo. Usiende bila mzee wa mahali hapo. Akikataa, amekataa. Usiguse, na simu ibaki mfukoni mpaka uambiwe.

Mawe ya kijani

Mkiwa Mwatate au Voi, mmekaa mnakunywa soda, atakuja kijana mpole, atavuta kiti, atatoa karatasi iliyokunjwa mara nyingi. Ndani mna vijiwe vya kijani. Atainong'onezea karatasi hiyo kana kwamba imelala.

Vito vipo kweli. Jiwe la kijani liitwalo tsavoriti limepata jina kutokana na Tsavo; mwanajiolojia Campbell Bridges alilikuta kwanza Tanzania mwaka 1967, kisha akalifuata upande huu wa mpaka, na mpaka leo watu wanachimba Kasigau, Mkuki na kwingineko, wengine kwa mikono mitupu ndani ya mashimo ya kutisha. Lakini chupa ya bia nayo ni ya kijani, na ikipondwa na kusuguliwa kwa mchanga hupata heshima kubwa. Rafiki yako atasema ana binamu Eastleigh anayejua mawe. Ataliinua jiwe juani, atafumba jicho moja, atatikisa kichwa taratibu. Hajui anachotazama. Mweleze kwamba kununua madini bila leseni ni kosa kisheria hata yakiwa ya kweli, kwa hiyo hapo ana njia mbili tu: kuibiwa au kushtakiwa. Atachagua kuibiwa, kwa sababu ataona ni nafuu.

Upande wa Taveta

Kutoka Mwatate kwenda Taveta siku hizi ni lami, na sehemu kubwa inapita kando ya mbuga na ndani yake. Pundamilia huvuka bila kutazama pande zote. Bura, Maktau, halafu uwazi mkubwa na Kilimanjaro mbele, siku ikiwa njema.

Njia hii imewashinda watu waliokuwa na hakika kuliko rafiki yako. Wajerumani waliiteka Taveta Agosti 1914, na Waingereza wakajenga reli kutoka Voi kupitia Maktau ili wawafuate. Karibu na Taveta mtaona kilima kidogo, Salaita, ambacho hakimshtui mtu. Februari 12, 1916, askari wapya kutoka Afrika Kusini walitumwa kukichukua. Wakubwa wao walikisia juu kuna walinzi mia tatu hivi. Walikuwa zaidi ya elfu moja, nao hawakukaa pale walipodhaniwa kukaa. Waafrika Kusini walikimbia, wakaokolewa na askari wa Kibaluchi kutoka India ambao walikuwa wamewacheka siku chache kabla. Makaburi ya vita hiyo, Voi, Maktau na Taveta, yametunzwa vizuri, mawe yamepangwa, nyasi zimekatwa. Wapagazi wa Kiafrika waliobeba mizigo yote ile na kufa kwa maradhi na njaa wengi wao hawana jiwe lolote. Tembeeni humo taratibu.

Angani nako si salama zaidi. Denys Finch Hatton, mwindaji aliyekuja kujulikana duniani kwa kitabu cha Karen Blixen, aliruka na ndege yake kutoka Voi Mei 14, 1931, na ndege ikaanguka mara tu baada ya kupaa, ikamuua pamoja na mtumishi wake. Rafiki yako akianza kusema angekuwa na ndege ndogo, mtajie hilo.

Kabla ya mji mtaona nyumba kubwa nyeupe juu ya kilima. Ni ya Ewart Grogan, aliyevuka Afrika kutoka Cape hadi Cairo, sehemu kubwa kwa miguu, mwishoni mwa karne ya 19, ili baba wa kambo wa mchumba wake amwone ni mtu wa maana. Safari yake ilichukua zaidi ya miaka miwili, na hakuna anayejua aliwaambia nini wenzake waliosahau jeki.

Ziwa Chala limekaa ndani ya kreta, nusu Kenya, nusu Tanzania. Kuta zake ni mwinuko wa kushuka kwa makalio, na maji yake hubadilika rangi kadiri mnavyobishana ni ya rangi gani. Msiogelee. Hili halina utani wala maelezo. Ziwa Jipe lina viboko na matete, na wavuvi watakaowapeleka kwa mtumbwi; pataneni bei mkiwa nchi kavu.

Siku za soko la Taveta ni Jumatano na Jumamosi. Mtafika Alhamisi. Hata hivyo ndizi zitakuwepo, mikungu imeegemezwa ukutani mirefu kuliko mtoto wa darasa la tatu, na rafiki yako atanunua mkungu mzima kwa sababu bei ni ya aibu ukilinganisha na ya Kongowea. Hautaingia kwenye buti. Utalala kiti cha nyuma, na nyani wa Maktau watauona kupitia kioo.

Akipendekeza mvuke kidogo tu mpaka Holili, upande wa Tanzania, mkale mishkaki, mwulize kama ana karatasi za gari za kuvukia. Atasema ni hapo tu. Ofisi za mpakani zimewekwa pamoja siku hizi ili watu wapite upesi, na upesi huo ni wa wenye karatasi.

Saa kumi na moja ikifika na bado mko Taveta, msianze kurudi. Ndovu wa kule Maktau wanangoja giza, na taa moja ya gari lenu iliungua tangu Mwatate ingawa mwenyewe anakataa. Chukueni chumba. Taveta kuna joto na mbu ni wengi, kwa hiyo kagueni chandarua kwa kukiinua juani kama lile jiwe la kijani, mtafute tundu. Vitanda vikiwa viwili, cha karibu na dirisha mpe mwenye gari, umwambie ni kwa ajili ya hewa.